Mashine ya nyasi ikigoma, usikimbilie kununua betri

MVUA ya masika inapoanza kunyesha mwezi wa Machi, nyasi katika viwanja vya shule, hoteli na vilabu vya gofu hurefuka kwa kasi. Mashine za kukatia nyasi, zile ambazo dereva huketi juu yake na kuziendesha kama trekta dogo, hutolewa stoo baada ya mapumziko marefu.

Hapo ndipo mkasa huanza. Mtunza uwanja huketi na kuzungusha ufunguo, lakini injini haitoi hata mguno. Uamuzi hutolewa papo hapo: betri imekufa. Mpya hununuliwa kwa maelfu ya shilingi, na baada ya siku chache maradhi ni yale yale.

Betri yaweza kuwa mbovu kweli. Hata hivyo, mara nyingi kosa huwa katika njia ambayo umeme hupitia, na kosa hilo huweza kupatikana kwa mita ndogo ya volti, spana na subira.

Njia hizo ni mbili. Ya kwanza ni ya nyaya nyembamba: umeme hutoka kwenye betri, hupitia fyuzi, swichi ya ufunguo na swichi za usalama, hadi kwenye solenoidi. Ya pili ni ya nyaya nene: solenoidi ikishapata amri huunganisha betri na stata, nayo stata huzungusha injini. Umeme hurudi kwenye betri kupitia chuma cha mashine yenyewe na waya mnene wa hasi.

Kwa hivyo, kabla ya kufungua chochote, tega sikio. Ukimya kamili huashiria kwamba njia nyembamba imekatika mahali fulani. Mlio mmoja wa "ta" una maana kwamba solenoidi imepata amri, lakini umeme mwingi haufiki kwenye stata, au stata yenyewe imeharibika. Milio mingi ya haraka kwa kawaida ni dalili ya betri dhaifu au viungo vilivyolegea.

Halafu pima betri. Betri ya volti 12 iliyojaa vyema husoma takriban volti 12.6 mashine ikiwa imezimwa. Ikiwa chini ya 12.4, ichaji kwanza ndipo uendelee na uchunguzi.

Tazama pia vichwa vya betri. Ungaunga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, na usugue kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Unaporudisha, waya wa hasi uwe wa mwisho.

Sehemu ambayo wengi huisahau ni pale waya wa hasi unapofungwa kwa bolti kwenye chuma cha mashine. Kutu ikijificha chini ya bolti hiyo, hata betri mpya haitafua dafu. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, huku mwenzako akijaribu kuwasha. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, kiungo hicho ni kibovu.

Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kile kile. Ikiungua tena, usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya. Upo waya uliochubuka na unaogusa chuma. Chunguza chini ya kiti, karibu na usukani na kando ya ekzosi, na uangalie kama panya wametafuna. Waya usio na kinga karibu na petroli na nyasi kavu ni moto unaosubiri kuwaka.

Injini ikiwaka, pima betri tena. Ikienda kwa kasi yake ya kazi, mita yapaswa kupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, betri haichajiwi, na hicho huenda ndicho kiini cha betri kufa kila mara.

Zimebaki swichi za usalama, na hapa ndipo pana hatari kubwa. Moja iko chini ya kiti, nyingine kwenye kanyagio la breki, na nyingine kwenye kifaa cha kuwashia visu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mashine haiwaki visu vikiwa vimeunganishwa, na kwamba dereva akiondoka kitini visu visiendelee kuzunguka.

Swichi hizi hulegea na kushika matope, na zikikosea mashine hugoma. Mafundi wengine huunganisha nyaya moja kwa moja na kuiruka swichi. Mashine huwaka, mwenyewe hufurahi, fundi hulipwa.

Lakini siku dereva atakapoteleza kwenye mteremko, au atakaposhuka kutoa nyasi zilizokwama, visu vitakuwa vingali vinazunguka. Swichi mpya ni bei nafuu kuliko vidole vya mtu. Fundi akikuambia kwamba ameiruka, mwambie airudishe kabla ya mtu yeyote kuketi juu ya mashine hiyo.