Je, Wajua? Kichanga Anaweza Kuugua Bila Homa

Je, wajua kwamba bakteria wanaweza kuenea katika damu ya mtoto mchanga bila yeye kupata homa? Mara nyingine hupoa mwili, hulegea na kukataa kunyonya. Ndiyo maana katika wodi ya uangalizi maalumu daktari hasubiri majibu ya kuotesha bakteria, yanayoweza kuchukua siku 2 au zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto aanzishiwe mapema sindano za ampisilini na jentamisini. Jentamisini huchomwa mara 1 tu kwa siku, kwa sababu figo za kichanga bado ni changa na huitoa dawa polepole.

Mtoto akigoma kunyonya, au akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mkimbize hospitali. Usimpe dawa za dukani.