Gereji ya Familia Uani

Mwaka 1962, gari aina ya Volkswagen Beetle lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki. Beetle la mwisho la umbo hilo lilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwaka 2003, na hadi leo ni gari zuri kwa familia inayotaka kufufua gari kuukuu nyumbani.

Injini iko nyuma, hupozwa kwa hewa, haina rejeta. Ukishachomoa nyaya na mpira wa petroli, boliti nne kubwa ndizo zinazoishikilia. Kazi ya watoto ni muhimu: kupiga picha kila kifaa kabla hakijang'olewa, na kupanga nati kwenye makopo yaliyoandikwa. Bila picha hizo, kurudishia ni balaa.

Adui ni kutu. Betri imewekwa chini ya kiti cha nyuma, na bati la hapo huoza upesi. Msasa hautoshi, likatwe, fundi achomelee jipya.

Jeki peke yake isiaminiwe. Gari likae juu ya stendi imara kabla mtu hajaingia chini, na breki zikaguliwe na fundi kabla halijatoka getini.