Jiko Lililofichwa Chini ya Kitanda

Mwanafunzi mnufaika wa Bodi ya Mikopo nchini Tanzania hupangiwa shilingi 10,000 za chakula na malazi kwa siku. Zamani zilikuwa 8,500. Humo humo kuna chai ya asubuhi, wali maharage wa mchana, chipsi za usiku, na bado hajatoa nakala za notisi wala kununua bando. Boom, yaani fedha hiyo ya mkopo, likichelewa, hesabu inagoma kabisa. Ndiyo maana wanafunzi wanapika vyumbani hata pale kanuni za hosteli zinapokataza waziwazi.

Katazo hilo lina sababu nzito. Chumba cha hosteli kimejaa vitu vya kushika moto: magodoro ya sponji, vyandarua, mapazia, makaratasi. Hosteli za Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizofunguliwa mwaka 2017, zina majengo 20 kwa wanafunzi 3,840, yaani watu 192 kila jengo, na hapo wanaobebana, yaani wanaolala wawili kitanda kimoja, hawajahesabiwa. Uzembe wa chumba kimoja unawaangukia wote.

Lakini njaa haisomi kanuni. Mwanafunzi aliyekatazwa anaendelea kupika, ila kwa kujificha: pazia linashushwa, dirisha linafungwa, taulo linabanwa chini ya mlango ili harufu ya kitunguu isitoke. Mlango ukigongwa, jiko ambalo koili yake bado ni nyekundu linasukumwa chini ya kitanda, sentimita chache kutoka kwenye godoro. Hatari kubwa imejificha hapo, na vyuo vinapaswa kuitazama bila kupepesa macho.

Umeme ndio unaostahili kuogopwa kwanza. Jiko dogo la koili hula takriban wati 1,000, hita ya kuchemshia maji 1,500, sufuria ya umeme ya kupikia wali 500. Vikichomekwa vyote kwenye ekstensheni moja vinafika wati 3,000, na kwa umeme wa volti 230 hizo ni kama ampea 13. Fyuzi ya kwenye plagi nayo ni ya ampea 13, kwa hiyo haina sababu ya kukatika. Waya wa ekstensheni nyingi za bei poa, hata hivyo, ni mwembamba; ule wa milimita za mraba 0.75 umekusudiwa ampea 6 tu. Basi fyuzi inakaa kimya huku waya unachemka, na ukiwa umeviringishwa au umefunikwa na zulia, joto halina pa kutokea. Plastiki inalainika, plagi inageuka rangi ya kahawia, harufu ya kuungua inaanza. Mwanafunzi akishika waya akaukuta wa moto, azime swichi ya ukutani papo hapo. Chombo cha kupikia kichomekwe moja kwa moja ukutani, kimoja kwa wakati mmoja.

Umeme ukikatika jioni, wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani. Hilo lisifanyike kamwe, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoing'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na aliyelala huenda asiamke. Mtungi mdogo wa gesi nao una tabia yake: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya vitanda. Ukisikia harufu yake, usiguse swichi yoyote, hata ya taa. Fungua madirisha na mlango, toa watu nje.

Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, maji ni adui, kwani hugeuka mvuke ghafla na kurusha moto hadi kwenye pazia. Funika kwa mfuniko, zima jiko, usikibebe kikaango. Zimamoto Tanzania hupatikana kwa namba 114.

Tena kuna kiporo. Wali ulioachwa mezani usiku kucha huotesha bakteria wanaotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali upashwe moto hadi ufuke. Asiye na friji apike wa kumtosha siku hiyo. Maharage mekundu yalowekwe usiku, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto; yakiiva kwa joto dogo tu, sumu yake ya asili hubaki na kuleta kutapika.

Yote haya mwanafunzi anaweza kuyafuata, lakini si haki kumwachia yeye peke yake. Katika hosteli nyingi za vyuo vya Uingereza, vyumba kadhaa huchangia jiko la pamoja, nalo hufungwa kitambuzi cha joto badala ya cha moshi ili kitunguu kinachokaangwa kisipige kengele bure. Hapa kwetu kila ghorofa ingetengewa chumba kimoja chenye meza ya zege, sinki, madirisha mapana, blanketi la kuzimia moto, na soketi ambazo kila moja ina waya wake mnene na swichi ya kujikata. Zamu za usafi zingebandikwa mlangoni, na msimamizi angepita kukagua plagi mchana kweupe, huku wapishi wakiwa wamesimama pale pale.