Mzigo husubiri, nyongo haisubiri

Njia ya kutoka Gitega kupitia Karuzi na Muyinga hadi mpaka wa Kobero ina desturi yake ya kula. Mfanyabiashara wa mtaa wa Yoba huamka alfajiri na kupanda gari bila kutia kitu tumboni. Mchana hupita kwa chai au soda huku akihangaikia karatasi za forodha. Jioni, mzigo ukishavuka, hukaa mbele ya sahani moja nzito: ugali, nyama ya kuchoma, au maharage yanayoogelea kwenye mawese. Kwa mtu mwenye mawe kwenye kifuko cha nyongo, sahani hiyo inaweza kumwamsha usiku wa manane kwa maumivu makali chini ya mbavu za kulia.

Kifuko cha nyongo ni kiungo kidogo kilicho chini ya ini. Kazi yake ni kuhifadhi nyongo inayotengenezwa na ini na kuimwaga kwenye utumbo pale mafuta yanapoingia tumboni. Nyongo ikikaa kifukoni kwa muda mrefu bila kutoka, au ikizidiwa na mafuta ya kolesteroli, huanza kuganda na kutengeneza mawe. Jiwe linaloziba mlango wa kifuko husababisha maumivu. Likiendelea kuziba, kifuko huvimba, na bakteria hupata nafasi ya kuingia. Huo ndio uvimbe wa kifuko cha nyongo, na zaidi ya kesi tisa kati ya kumi huanzia kwenye mawe.

Si kila mwenye mawe ni mgonjwa. Wengi huishi nayo maisha yao yote bila kujua, na madaktari hawana kawaida ya kumpasua mtu asiye na dalili. Tatizo ni kwa yule ambaye maumivu yamekwishaanza.

Saa sita za kuangalia

Maumivu ya kawaida ya mawe huanza baada ya mlo, hukaza kwa nusu saa au saa chache, kisha hupoa. Mgonjwa hudhani amepona, hufunga mzigo na kuendelea na safari. Uvimbe ni jambo jingine. Maumivu yakipita saa tano au sita bila kupoa, yakapanda hadi bega la kulia au mgongoni, yakaja na homa, kutetemeka na kutapika, hapo si tumbo la kawaida tena. Macho yakigeuka manjano na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, huenda jiwe limeziba njia kuu ya nyongo, na hatari ni kubwa zaidi.

Homa ndiyo inayowapoteza wengi. Katika ukanda huu kila homa huitwa malaria, na kila maumivu ya tumbo huitwa vidonda au taifodi. Mtu hununua dawa ya malaria dukani, huongeza vidonge vya kupunguza asidi na vya kutuliza maumivu, kisha hupanda basi. Vidonge vya maumivu vinaweza kumnyamazisha kwa saa chache wakati kifuko kinaendelea kuoza. Kikitoboka, uchafu humwagika tumboni na sumu huingia kwenye damu. Wazee na wenye kisukari wako hatarini zaidi, kwani wakati mwingine hawasikii maumivu makali hata hali inapokuwa mbaya.

Kipimo cha malaria ni muhimu, lakini kikionyesha hakuna malaria, mgonjwa asiondoke na dawa zile zile. Aombe picha ya altrasaundi, ambayo Burundi huitwa ekografi. Kipimo hicho hakina maumivu na huonyesha mawe na unene wa ukuta wa kifuko.

Hospitali hufanya nini

Kwanza mgonjwa hazuiliwi tu kula. Hutundikiwa maji, hupewa dawa za maumivu na antibayotiki za mshipani. Baada ya hapo, tiba ya kudumu ni kukiondoa kifuko chenyewe. Daktari Carl Langenbuch alifanya upasuaji huo kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwezi Julai 1882, kwa mwanamume wa miaka 43 aliyekuwa ameteseka kwa miaka mingi. Mwaka 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, aliufanya kwa kutumia matundu madogo na kamera. Pale ambapo vifaa hivyo havipo, upasuaji wa kufungua tumbo bado hufanya kazi ile ile.

Upasuaji wa mapema, ndani ya siku chache tangu dalili zianze, kwa kawaida ni bora kuliko kungoja. Mgonjwa akiwa dhaifu mno, kifuko kinaweza kutolewa usaha kwa mrija na upasuaji ukafuata baadaye. Asiyefanyiwa chochote baada ya kutulizwa kwa antibayotiki ana uwezekano mkubwa wa kurudi na shambulio jingine, na halitachagua kama yuko nyumbani au kwenye foleni ya malori.

Mtu huishi vizuri bila kifuko cha nyongo, kwa sababu ini huendelea kutoa nyongo moja kwa moja kwenye utumbo. Anachopaswa kupanga ni muda wa mapumziko: wiki moja au mbili kwa upasuaji wa matundu madogo, na wiki nne hadi sita bila kubeba magunia kwa upasuaji wa kufungua tumbo. Mwenye duka anaweza kuupanga muda huo msimu wa biashara ndogo. Anayesubiri dharura hupangiwa na ugonjwa.

Karatasi zinazovuka mpaka

Kwa kawaida kadi ya bima hutumika katika nchi iliyoitoa. Kadi ya CAM inayomsaidia mtu Gitega haitamlipia kitanda upande wa Ngara, hivyo aliyekwishapata maumivu ya aina hii afanye vipimo nyumbani kabla ya safari. Asafiri na ripoti yake. Gitega na Muyinga huandikwa kwa Kifaransa, na maneno ya kutafuta ni "vésicule biliaire", yaani kifuko cha nyongo, na "cholécystite", yaani uvimbe wake. Ng'ambo ya Kabanga daktari huandika kwa Kiingereza, lakini picha ya altrasaundi husomeka kote.

Kinga iliyo mikononi

Wanawake, hasa waliozaa mara kadhaa, watu waliopita miaka 40, wenye uzito mkubwa na wenye kisukari hupata mawe zaidi. Wagonjwa wa selimundu huyapata hata utotoni, na kwao chakula si kinga; wakilalamika tumbo, wapelekwe kupimwa.

Kwa wengine, mazoea ya njiani yana nafasi yake. Kifuko hukamuliwa na chakula, kwa hiyo kukaa na njaa siku nzima huiacha nyongo ikilala. Uji wa asubuhi na kipande cha ndizi au maharage mchana ni bora kuliko mlo mmoja mzito wa usiku. Mboga, matunda na maharage yapikwe kwa mafuta kiasi. Anayetaka kupunguza mwili apunguze polepole, maana kukonda ghafla huleta mawe. Mwenye mawe yanayouma ashauriane na daktari kabla ya Ramadhani, na futari yake isianze na sambusa na vya kukaanga.

Jambo la kuepuka ni dawa za "kusafisha nyongo" zinazouzwa stendi. Mchanganyiko wa mafuta ya zeituni na limau huweza kutoa madonge ya kijani chooni, lakini madonge hayo ni mafuta yaliyoganda kama sabuni, wala si mawe. Vipo vidonge vya hospitali vinavyoyeyusha mawe madogo ya kolesteroli kwa miezi mingi, ila havitibu kifuko kilichokwishavimba.

Kwa hiyo maumivu ya ubavu wa kulia yakigonga saa sita pamoja na homa, safari ikatishwe hapo hapo. Mzigo ukabidhiwe mwenzake au wakala, na mgonjwa apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji, upande wowote wa mpaka ulio karibu.