Msitu wa Kaya Kinondo

Msafiri atokaye Shimoni kwenda Diani, akishuka Kinondo upande wa baharini, hukuta msitu mnene uliosimama juu ya mwamba wa matumbawe. Huo ni msitu wa Kaya Kinondo. Kaya maana yake ni mji. Yasimuliwa kwamba Wamijikenda, walipotoka Shungwaya upande wa kaskazini, walijenga miji yao ndani ya misitu ili wajikinge na adui. Baadaye walihamia mashambani, na kaya zikabaki mahali pa makaburi na maombi.

Tangu zamani ni mwiko kukata mti humo, na mgeni hujifunga kaniki kabla ya kuingia. Wadigo wengi ni Waislamu, lakini wazee wao hawakuuacha mwiko huo.

Mwaka 1992 Serikali iliufanya msitu huu kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2008 UNESCO iliutia, pamoja na kaya nyingine, katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo ardhi ya pwani ya Diani ina wanunuzi wengi, na sheria peke yake haitoshi. Yafaa vijana wajifunze mwiko huo wangali na wazee wa kuwafundisha.