Kuchaji Motokaa ya Umeme Nyumbani

Mwenye motokaa ya umeme huichomeka ukutani jioni na kuichomoa alfajiri. Chaja ya kubebeka, yenye kuvuta ampea 10 katika volti 230, hutoa kilowati 2.3, kwa hiyo betri ya uniti 40, kama ile ya Nissan Leaf ya mwaka 2018, huhitaji zaidi ya saa 17 kujaa. Jambo hili lisimtishe mtu. Safari ya kilomita 40 hula uniti 6 hadi 8 tu, nazo hurudishwa usiku mmoja.

Hatari imo katika waya. Pasi huwaka kwa muda mfupi. Motokaa huvuta umeme kama huo usiku kucha, na soketi iliyolegea huweza kuyeyuka wenye nyumba wakiwa wamelala. Yafaa fundi mwenye leseni avute waya mnene wa peke yake, wenye swichi yake ya kukata umeme. Waya wa kuongezea usitumike kamwe.

Iwapo motokaa ni mali ya chama nayo hulala kwa katibu, ifungwe mita ndogo kwenye waya huo, na uniti ziandikwe daftarini kila asubuhi. Bila hivyo, mkaguzi hataweza kutenganisha umeme wa chama na ule wa nyumba ya katibu.