Kofia pekee haitoshi kumkinga mfanyakazi wa mjengo

KILA asubuhi, vibarua hukusanyika kwenye malango ya maeneo ya ujenzi jijini Nairobi na katika miji mingine nchini wakitafuta kazi ya siku. Anayebahatika hupewa kofia ngumu, na wasimamizi wengine huona kwamba wajibu wao umekamilika. Hata hivyo, kofia ni kinga ya mwisho wala si ya kwanza.

Nyundo inayomponyoka fundi aliye mita 20 juu, yaani takriban ghorofa ya sita, hufika chini kwa sekunde mbili pekee, ikiwa na kasi ya takriban kilomita 70 kwa saa. Aliye chini hana muda wa kukwepa hata akipigiwa kelele. Kofia hupunguza kishindo kichwani, lakini haiokoi bega wala mgongo. Aidha, mama anayeuza chakula langoni na mpita njia hawana hata kofia hiyo.

Kwa sababu hiyo, kinga bora ni kuzuia kitu kisianguke. Ukingo wa jukwaa unafaa kuzibwa kwa ubao uliosimamishwa wima, ili tofali likisukumwa na mguu lisipite. Matofali nayo yasirundikwe kupita kimo cha ubao huo. Vifaa vya mkono vifungwe kwa kamba, na misumari iwekwe mfukoni. Vifusi visitupwe kiholela, bali viteremshwe kwa ndoo.

Kinga ya pili ni wavu wa kunasa kinachoponyoka. Ya tatu ni kuzingira eneo la chini ili mtu asipite, hasa mizigo inapoinuliwa kwa winchi. Iwapo njia ya umma iko karibu, ijengewe paa imara la muda.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi kumjulisha msimamizi wake anapoona hatari kubwa. Vilevile, inamkataza mwenye eneo la kazi kumtaka arudi mahali hapo kabla ya hatari kuondolewa. Lakini kibarua anayelipwa kwa siku huhofia kwamba akilalamika leo, kesho hataitwa.

Hivyo basi, mwanakandarasi hafai kungoja malalamiko. Ni jukumu lake kuhakikisha majukwaa yamekaguliwa kabla ya kazi kuanza. Gharama ya ubao wa ukingoni ni ndogo mno ikilinganishwa na mazishi ya mtu aliyetoka nyumbani kutafuta riziki.